Mkupuo, fiksi, vipande, SACCOS: mstaafu unachota wapi kwanza?

Chaki Nyeupe (mleta uzi)

Wakuu, heshima mbele. Shikamooni mlio wakubwa, wadogo marahaba.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, niko Morogoro. Nilitoka kazini mwaka 2024 nikiwa na miaka 60 kamili na miezi 408 ya utumishi. Humu nimesoma nyuzi za kikokotoo cha pensheni mpaka macho yameuma, na nyuzi za "nimepata mkupuo nifanye biashara gani" ndiyo usiseme. Swali langu ni jingine. Hela tayari iko kwenye vifuko vitano tofauti, mchele umeisha na tarehe ni 19. Unafungua kifuko kipi?

Naweka hesabu zangu wazi, maana humu hakuna anayenijua.

Kikokotoo kilinipa hivi: wastani wa mshahara wa miaka mitatu bora ulikuwa milioni 1.2 kwa mwezi. Wa mwaka mzima ukizidisha kwa miezi 408 na kugawa kwa 580 unapata 10,129,000 na ushee, hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Asilimia 40 yake mara 12.5 ndiyo mkupuo, ile hela inayolipwa mara moja, milioni 50.6. Asilimia 60 iliyobaki inagawanywa kwa 12, napata 506,000 kila mwezi mpaka siku ya kufa. (Sisi tuliokuwa PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kabla ya mifuko kuunganishwa 2018 tulikuwa miongoni mwa waliopandishwa mkupuo kutoka asilimia 33 hadi 40 kwenye bajeti ya 2024.)

Mkupuo ulivyoingia nilimaliza dari na madirisha, nikalipa deni la SACCOS, chama chetu cha akiba na mikopo, zikaondoka milioni 15. Milioni 20 nikaweka fiksi, yaani amana ya benki isiyoguswa mpaka muda uishe, ya mwaka mmoja kwa riba ya asilimia 9. Hizo 15 na ushee zilizobaki nikaziacha akaunti ya kawaida, "za matumizi". Hapo ndipo nilipojikwaa. Kila mwezi nikawa naongezea pensheni kidogo: laki nne leo, laki tatu keshokutwa. Kijana akaoa, milioni 6 zikaenda. Ndugu wakaja. Mwezi wa kumi akaunti ya matumizi ilikuwa imebaki laki mbili na nusu, na mwezi huohuo mke wangu, mama Neema, akateleza bafuni, nyonga ikavunjika. Bima ya afya ilibeba matibabu, lakini bima haibebi nauli za Dar, chumba cha anayeuguza, kiti cha choo cha kuinuka na binti wa kusaidia nyumbani. Zilitakiwa milioni 3 ndani ya siku mbili.

Nikavunja fiksi. Ilikuwa imebaki miezi miwili tu iive. Riba ya milioni 1.8, ambayo baada ya kodi ya asilimia 10 ningebaki na 1,620,000, ikayeyuka. Nilipewa laki na themanini.

Sasa hivi nilivyo:
Pensheni 506,000. Vyumba vitatu vya uani, 50,000 kila kimoja, ila kimoja hukaa kitupu nusu ya mwaka, kwa hiyo nahesabu laki moja. Benki milioni 17, ile iliyobaki baada ya kuvunja, imelala tu. Vipande vya Umoja, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa UTT, nilivyoanza kununua kidogokidogo mwaka 2008, leo vina thamani ya milioni 9 hivi. SACCOS akiba milioni 3.2 na hisa laki tano.

Matumizi ya mwezi nimeyaandika miezi minne mfululizo kwenye daftari la mistari, wastani ni 746,000. Napungukiwa 140,000. Halafu kitinda mimba yuko chuo, bado miaka miwili, milioni 1.4 kila mwaka.

Nachota wapi? Nawasilisha.

---

Kichwa Ngumu wa Msamvu

Mwalimu milioni 17 unaichekea? Chukua bodaboda sita, kila moja ikulete 10,000 kwa siku. Elfu sitini kila siku. Pensheni yenyewe utaisahau.

---

Chaki Nyeupe

Mwanangu, mpwa wangu alikuja na hesabu hiyohiyo, kabeba na jogoo. Nikamuuliza zikiibiwa mbili? Akacheka. Jogoo tulimla, bodaboda sikununua.

---

Mhasibu wa Zamani

Mwalimu shikamoo. Pole sana kwa mama.

Nitaanza na kitu ambacho wastaafu wengi hawakigundui. Kwa kikokotoo cha asilimia 40, mkupuo ni pensheni yako ya mwezi mara mia moja kamili. Angalia zako: 506,000 na milioni 50.6. Maana yake, mtu akiula mkupuo kwa mwendo wa pensheni yake, unadumu miezi 100. Miaka minane na miezi minne. Aliyestaafu na 60 anamaliza na 68, na hapo ndipo hospitali inaanza kumzoea.

Sasa swali lako. Wengi tunauliza kifuko gani kina riba kubwa. Ukitaka kuchota, uliza: nikitoa hapa laki moja leo, napoteza nini ambacho hakirudi? Twende kifuko kwa kifuko.

Pensheni ukiitumia yote, mwezi ujao inarudi. Hupotezi kitu. Kodi ya vyumba vilevile. Kwa hiyo hizo mbili zinaisha kwanza kila mwezi, bila huruma, na usijaribu "kusevu" kutoka kwenye pensheni huku unachota benki. Nimewaona watu wanafanya hivyo, wanajiona wana nidhamu.

Hela iliyolala akaunti ya kawaida haina riba ya kueleweka. Ukiitoa unapoteza usalama tu, riba hupotezi. Ndiyo inayofuata. Ubaya wake haina kengele, inaisha huku unaitazama, na yako imeshakuonyesha.

Fiksi ukiivunja unapoteza karibu riba yote ya nyuma. Hapa mwalimu kuna kitu hukuambiwa, au uliambiwa ukiwa umechanganyikiwa na mgonjwa: fiksi inawekwa dhamana. Benki nyingi zinakukopesha sehemu kubwa ya amana yako yenyewe. Ungekopa milioni 3 kwa miezi miwili, ungelipa riba ya laki moja na kitu, fiksi ikaiva, ukachukua 1,620,000 yako.

Vipande vya Umoja ukiuza unapoteza ukuaji wa miaka ijayo, na mfuko ule una hisa ndani yake, ukiuza wakati bei imeshuka umeuza kwa hasara ambayo ungeisubiri ikapona.

SACCOS ndiyo ghali kuliko zote. Kwenye vyama vingi huwezi kuchukua akiba ukabaki mwanachama, unajitoa kabisa. Na ukijitoa umepoteza haki ya kukopa, ambayo kwenye vyama vingi ni mara tatu ya akiba. Kwako ni milioni 9.6. Yaani ukitoa 3.2 umefunga mlango wa 9.6.

Pengo lako ni 140,000 kwa mwezi, 1,680,000 kwa mwaka. Milioni 14 kwenye hatifungani ya Serikali ya muda mrefu, yaani unaikopesha Serikali, tuseme kuponi (riba yake) ya asilimia 12 ili hesabu iwe nyepesi, inaleta 1,680,000 hiyohiyo, kwa awamu mbili za 840,000. Kuponi haikatwi kodi kama riba ya fiksi. Mtaji hauguswi. Unanunua kupitia benki au dalali wa soko la hisa, kuanzia milioni 1.

---

Kichwa Ngumu wa Msamvu

Haya nimekubali nimefundishwa. Ila mzee wa miaka 61 anunue karatasi ya miaka 25? Itaiva ana 86!

---

Mhasibu wa Zamani

Hoja ya haki. Si lazima uisubiri iive, inauzwa sokoni kabla. Lakini nisiwe muuza sumu kwa kuficha kifuniko: bei ya kuuzia inategemea riba za wakati huo. Waliochukua ya miaka 25 kabla ya Aprili 2022 walipata kuponi ya 15.95. Zilipotoka mpya za 12.56, za zamani zikawa lulu, wenye nazo wangeweza kuuza juu ya bei waliyonunulia. Ikigeuka upande wa pili, zako ndizo zitakuwa za kuuzwa chini. Ndiyo maana hatifungani inanunuliwa kwa hela ambayo hutaiuza kwa presha.

---

Nesi Bibi

Mwalimu, habari za uuguzi. Mimi ni nesi mstaafu niko Muheza, mwaka wa saba sasa nje ya kazi, na mzee wangu alitangulia mwaka wa tatu. Nimemsoma huyu mwanangu mhasibu, anasema vizuri, lakini amepanga kama mtu ambaye bado hajazeeka.

Milioni 14 kwenye hatifungani, umebakiwa na 3 mkononi. Mwaka uliopita peke yake dharura moja imekula 3. Hapo ya pili ikija utauza nini?

Halafu kuponi inakuja mara mbili kwa mwaka. Nyanya zinanunuliwa kila siku. Nilipata kuponi yangu ya kwanza mwezi wa tatu, nikajiona tajiri, Pasaka ikaimaliza. Mwezi wa saba nikawa nakopa sukari dukani. Sasa hivi ikiingia tu naigawa kwa sita, naipeleka Mfuko wa Ukwasi wa UTT, kila ikikaribia tarehe 20 naomba sehemu moja. Kutoa haina makato, na inafika ndani ya siku tatu za kazi. Nikiomba Ijumaa najua Jumatatu haijafika, kwa hiyo naomba Jumanne.

Na jingine ambalo hamjalitaja. Nilipokuwa namuuguza mzee nilichelewa uhakiki, ule wa kuthibitisha kwamba mstaafu bado yu hai, kosa langu mwenyewe, pensheni ikasimama miezi miwili. Siku hizi unajihakiki kwa uso kwenye simu, ni rahisi, lakini wakati ule mimi hata tarehe nilikuwa sizijui. Miezi miwili bila hata senti ya pensheni. Kilichonisaidia ni kwamba nilikuwa na laki nane za mkononi ambazo nilizikataza kabisa. Kwa hiyo kabla ya hatifungani, kabla ya chochote, weka kando matumizi ya miezi mitatu. Kwako ni milioni 2 na robo. Hiyo usiiite akiba. Iite pensheni ya akiba.

Na ukiona tangazo la mkopo wa wastaafu, soma jumla ya marejesho, usisome makato ya mwezi. Makato ya mwezi yameandikwa kwa herufi kubwa makusudi.

---

Mtoto wa Mwisho

Shikamooni wazee. Mimi baba yangu ni mstaafu, ndiye ninayemfanyia hesabu. Kuna mdudu hajatajwa humu, bei. Pensheni huongezwa mara chache na kidogo. Matumizi ya mwalimu ni 746,000 leo. Bei zikipanda asilimia 3 tu kwa mwaka, baada ya miaka 10 atahitaji milioni moja kununua vitu vilevile. Pensheni na kodi ya vyumba zikibaki zilipo, pengo la 140,000 linakuwa karibu laki nne. Kuponi nayo haipandi, mwaka wa kwanza na wa ishirini ni ileile.

Katika vifuko vyote vitano, vinavyoweza kukimbizana na bei ni viwili tu, vipande vya Umoja na vyumba vya uani. Mwalimu asiguse vipande. Hivyo ni vya Mwalimu wa miaka 71, si huyu wa leo.

---

Nesi Bibi

Mjukuu wangu marahaba. Na ada ya mtoto chuo itoke wapi? Vipande vilinunuliwa 2008, mtoto akiwa anatambaa. Vilinunuliwa kwa ajili ya nini kama si yeye?

---

Mtoto wa Mwisho

Bibi hapo umenifunga mdomo kidogo. Lakini ada ni milioni 2.8 kwa miaka miwili, inajulikana kiasi na inajulikana tarehe. Hela ya namna hiyo inakaa mahali tulivu, haikai kwenye mfuko wenye hisa. Muhula ukifunguliwa wakati bei iko chini, utauza vipande vingi kupata hela ileile.

---

Kichwa Ngumu wa Msamvu

Na fiksi tena je? Asirudi huko?

---

Mhasibu wa Zamani

Anaweza, kwa ile ya ada ya mwaka wa pili, maana tarehe inajulikana. Miezi 12, inaiva muhula unapofunguliwa. Ila si milioni 17 zote benki moja. Bima ya amana inafidia hadi milioni 7.5 kwa mtu kwa benki, ikitokea benki imefungwa.

Na Nesi Bibi, nakubali. Nilipanga kama mwenye mshahara. Milioni 14 ni nyingi mno kwa mtu ambaye ana 17.

---

Chaki Nyeupe

Wakuu, nimekaa na daftari jana usiku, mama Neema pembeni kwenye kiti chake cha kuinuka, kila nikiandika tarakimu anauliza "na hiyo ya nani?" Nimeshukuru wote, hata mwanangu wa bodaboda.

Nimeona kosa langu lilipoanza. Nilidhani nimepanga kwa sababu nilitenga "matumizi" na "akiba". Kumbe ile ya matumizi haikuwa na kazi hata moja iliyoandikwa, na kitu kisicho na kazi kila mtu ana kazi ya kukipa. Harusi iliichukua, ndugu waliichukua, mimi mwenyewe niliichukua. Dharura ya kweli ilipokuja ilikuta kifuko cha karibu kitupu, ikanirukisha mpaka kwenye kifuko ambacho ni ghali kukigusa.

Nilivyopanga sasa, mnikosoe:

Milioni 17 naigawa. Milioni 2.3 ni pensheni ya akiba ya Nesi Bibi, inakaa Mfuko wa Ukwasi na namba yake haiko kwenye simu yangu, iko kwa mama Neema. Milioni 1.4 ada ya mwaka huu, tayari nimelipa leo asubuhi, nimepanda daladala ya Msamvu na risiti ninayo mfukoni. Milioni 1.4 nyingine fiksi ya miezi 12 kwa ada ya mwisho. Milioni 9 hatifungani ya miaka 20, si 25, mnisamehe, nataka niwe na nafasi ya kuiona ikiiva. Kwa hesabu ya asilimia 12 itanipa 1,080,000 kwa mwaka, yaani 90,000 kwa mwezi baada ya kuigawa. Inabaki milioni 2.9, nayo Ukwasi, lakini hiyo ninaruhusiwa.

Pengo la 140,000 likitoa 90,000 za kuponi linabaki 50,000. Nikaanza kuwaza nichote wapi hiyo 50,000. Nikazunguka vifuko vyote vitano kichwani. Mama Neema akaniuliza chumba cha tatu kimekaa kitupu tangu lini. Nikamwambia tangu Novemba. Akasema kwa nini. Nikasema mlango umeoza chini, na kila anayekuja kuangalia anauona huo kwanza. Akanyamaza, akaniangalia.

Mlango wa mninga ni laki mbili na nusu kwa fundi wa hapa Kihonda, na bawaba. Chumba ni 50,000.

Vipande havijaguswa. SACCOS haijaguswa. Kuhusu vipande nimemwambia mtoto mwenyewe, kwamba vilikuwa vyake na sasa nimemnyang'anya vimekuwa vya uzee wetu. Kajibu, "Baba, mimi nikipata kazi nitakuongezea." Nimelihifadhi hilo kama ahadi ya mdomo, sijaliandika kwenye daftari.

---

Nesi Bibi

Hapo kwenye namba kukaa kwa mama Neema nimecheka mpaka jirani kaja kuuliza. Na yeye anajua kila kifuko kiko wapi? Vipande vina jina la nani, SACCOS mrithi ni nani? Mimi nilizunguka miezi minne kutafuta karatasi za mzee, na tulikaa nyumba moja miaka 31.

---

Chaki Nyeupe

SACCOS nimemwandika yeye. Kwenye vipande fomu ya 2008 nilimwandika marehemu mama yangu.

Jumatatu naenda kuibadilisha. Fundi mlango anakuja Jumanne.